Muulize Bwana Mifugo: Aseniki kwenye kuku, mwezi huu mmeniuliza hilo tu

Jamani mwezi huu sijaulizwa kuhusu mdondo wala mayai yenye ganda laini, kila anayeandika anataka kujua habari ya aseniki kwenye kuku wa kisasa, na chanzo nakijua, kuna sauti inazunguka WhatsApp ya dada mmoja anaongea haraka haraka kama anakimbizwa. Nimeisikiliza mpaka mwisho. Kuna kweli ndani na kuna chumvi nyingi, kwa hiyo leo safu yote naitoa kwa hilo, maswali ya utagaji mtanivumilia mpaka mwezi ujao.

Shikamoo Bwana Mifugo. Kwenye grupu letu la kikoba imeletwa sauti inasema broila wanalishwa sumu ya panya inaitwa aseniki ili wanenepe haraka, na ndio maana kansa zimezidi siku hizi. Mi nina watoto wanne na chipsi kuku ndio furaha yao ya Jumamosi. Ni kweli au ndio yale yale ya kutishana? (Mama Swaumu, Mbagala)

Marahaba mama Swaumu. Kitu hicho kipo kweli ila hakikuwa siri na hakikuanzia Mbagala. Kilianzia Marekani, na kiliruhusiwa na serikali yao wenyewe. Mwaka 1944 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ilipitisha dawa ya kuchanganya kwenye chakula cha kuku inaitwa roksasoni, sokoni ikijulikana kama 3-Nitro, na ndani ya hiyo dawa zaidi ya robo ya uzito wake ni aseniki. Walikuwa wanaiweka kidogo sana, kama gramu 45 kwa tani ya chakula kwa kiwango cha juu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzuia koksi, ule ugonjwa wa kuhara damu unaomaliza vifaranga. Sasa wafugaji wakaona na mambo mengine, kuku anakua haraka, anakula chakula kidogo kwa kilo ile ile, alafu nyama inatoka na rangi nzuri ya waridi inayomvutia mnunuzi dukani. Hapo ndipo ilipoacha kuwa dawa ya ugonjwa ikawa kiungo cha kila siku, kuku mzima anapewa, kuku ambaye hata koksi haijui anapewa. Mwaka 2010 wenye biashara wenyewe huko Marekani walikadiria kwamba kuku 88 katika kila 100 wa nyama walikuwa wanapitia dawa hiyo, na wale wanachinja karibu bilioni tisa kwa mwaka.

Utaniuliza, sasa wataalamu walikuwa wapi miaka yote hiyo? Walikuwepo, na hoja yao ilikuwa hivi: aseniki ziko za aina mbili. Ipo iliyoshikana na kaboni, inaitwa ya kikaboni, hii haina ukali sana, na ipo isiyo ya kikaboni, ambayo ndiyo sumu yenyewe, ndiyo iliyoharibu watu Bangladesh kwenye maji ya visima vya bomba, na ndiyo ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, limeiweka kundi la kwanza kabisa la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu, ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu cha mkojo. Roksasoni ni ya ile aina ya kwanza. Wakasema kuku anaila, inapita, anainya ilivyo, siku tano kabla ya kuchinja unamwachisha, mwisho wa habari. Miaka zaidi ya 60 watu walilala na maelezo hayo.

Kilichowaamsha ni maini. Wanasayansi wa FDA walichukua kuku 100, wengine wakapewa dawa na wengine hawakupewa, wakapima maini, wakakuta waliopewa wana aseniki isiyo ya kikaboni nyingi kuliko wenzao, maana yake dawa haikupita ilivyo, sehemu yake iligeuka sumu mle mle mwilini mwa kuku. Juni 2011 yakatangazwa, na kampuni tanzu ya Pfizer iliyokuwa inaitengeneza ikasimamisha kuiuza. Mwaka 2013 FDA ikafuta vibali vya roksasoni na ndugu zake wawili, na wa nne, nitasoni, waliyokuwa wanawapa bata mzinga kwa ugonjwa wa vichwa vyeusi, akaondoka mwisho wa 2015. China nao walipiga marufuku kuitumia kuanzia Mei 2019. Ulaya hawakutaka kuisikia toka zamani.

Kwa hiyo mama Swaumu, sumu ya panya kwa maana ya ile pakiti ya dukani, hapana. Kansa zote za siku hizi kumbebesha kuku, hapana tena. Ila kwamba kuku walilishwa aseniki kwa makusudi miaka nenda rudi, hiyo ni kweli na usibishane na mtu. Chipsi kuku ya Jumamosi waache watoto wale, mi ningehofia zaidi yale mafuta yaliyokaangiwa tangu Jumatatu.

Bwana Mifugo, nafuga broila 300 Chanika. Kuna duka la pembejeo nilienda kununua premiksi, ule mchanganyiko wa vitamini na madini wa kutia kwenye chakula, muuzaji akanichotea na unga mwingine kutoka kwenye kopo kwa kijiko cha plastiki, akaufunga kwenye kimfuko akasema weka kijiko kimoja kwa kila gunia, "hii ni ya kukuza, wiki nne unauza". Kopo halina lebo. Nimeshawapa wiki moja. Nifanye nini? (Kijana wa Chanika)

Acha leo. Sio kesho, leo. Mwanangu, mi siwezi kukwambia kwenye hicho kimfuko kuna nini na hata huyo muuzaji nakuhakikishia hajui, inaweza kuwa vitamini tu, inaweza kuwa antibayotiki, inaweza kuwa unga wa mahindi umetiwa rangi ukapigwa hela yako bure. Ndio ubaya wa kitu kisicho na lebo, hata madhara yake huwezi kuyahesabu. Usikitupe hicho kimfuko, kifunge vizuri, andika tarehe uliyonunua, mpelekee afisa mifugo wa kata yako au daktari wa mifugo, wao watajua njia ya kukifikisha kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kama itabidi kipimwe. Na hao kuku usiwauze mpaka uongee nae, najua chakula ni bei na kila siku inayoongezeka ni hasara, lakini ndio hivyo.

Kuanzia sasa ukinunua dawa yoyote ya kuchanganya geuza lebo usome, usione aibu muuzaji akikukunjia uso. Tafuta namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, tafuta jina la dawa yenyewe na sio jina la biashara peke yake, tafuta kipimo kwa tani au kwa kilo, tafuta siku za kuacha kabla ya kuchinja. Ukikutana na maneno roxarsone, arsanilic acid, nitarsone au carbarsone, au tu ukaona "ars" imekaa katikati ya neno, rudisha kopo shelfuni. Premiksi na dawa nyingi tunaagiza nje, na kitu kikikatazwa kwao sio lazima stoku yote imwagwe baharini, nadhani ushanielewa.

Na kama unachokiogopa ni koksi, koksi inaanzia chini, kwenye maranda. Shika maranda ya bandani kwako, yaminye mkononi, ukifungua kiganja yakabaki yameshikana kama tonge, hapo umeshaifungulia koksi mlango. Yanatakiwa yasambae. Chunguza vinyweo vinavyovuja, inua pazia hewa ipite, geuza maranda, ondoa yaliyolowa. Dawa za koksi zisizo na aseniki zipo, amproliamu haina mambo mengi na wengi mnaijua, na chanjo zipo pia. Hao Wamarekani walivyoacha 3-Nitro kuku hawakuisha. Tyson, mmoja wa wauzaji wakubwa kabisa wa kuku kule, aliacha kuitumia tangu 2004, miaka saba kabla haijasimamishwa, na biashara ikaendelea.

Unatutisha tu mzee. FDA wenyewe walisema kiwango kilichokutwa ni kidogo sana na watu waendelee kula. Nyie mnaoandika magazetini ndio mnaotuua sisi wafugaji, ukisema aseniki mteja anasikia sumu, wiki nzima kuku hawatoki. (Mfugaji mwenye hasira, Arusha)

Hasira yako naielewa ndugu yangu na kwenye hoja ya kwanza uko sawa, FDA walisema hivyo, hata dawa waliacha iuzwe siku 30 zaidi ili wafugaji wajipange. Wacha basi tupige hesabu mbele ya wateja wako. Watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins walinunua vidari vya kuku kwenye maduka ya miji 10 ya Marekani, kabla tu ya dawa kusimamishwa, wakatoa matokeo 2013. Kuku aliyekutwa na roksasoni, akishapikwa, alikuwa na wastani wa mikrogramu 2.3 za aseniki mbaya, ile isiyo ya kikaboni, kwa kilo, asiyekuwa nayo 0.8. Mikrogramu moja ni gramu ukiigawa mara milioni. Mtu akila robo kilo ya huyo kuku mbaya anapata kama 0.6. Sasa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linaruhusu mpaka mikrogramu 10 kwa lita, ukinywa lita mbili za maji yaliyogusa hapo hapo kwenye mpaka umeshapata 20. Kwa hiyo ndio, sahani moja ya kuku haimlazi mtu.

Lakini mbona unaishia hapo? Aseniki haimlazi mtu leo, inamngoja. Kansa yake inakuja baada ya miaka mingi ya kula kidogo kidogo, na ndio maana wanaopanga viwango hawaangalii kuku mmoja, wanaangalia taifa zima linakula kuku kila siku toka utotoni, alafu juu yake kuna wali, kuna maji, kuna vingine. Hicho kidogo kikizidishwa kwa mamilioni ya watu wapo watakaougua, wachache, na hutawajua majina. Na kwa faida gani? Hapa ndipo mi nnapokosa uvumilivu. Kama ingekuwa dawa ya kuokoa maisha ya mtu ningesema tupime faida na hasara, ila hii ilikuwa ni ya uzito na rangi ya nyama! Kitu unachoweza kukiacha kesho na kuku bado akawa kuku, kwa nini mtu mwingine abebe hatari yake hata iwe ndogo namna gani?

Alafu kwenye utafiti ule ule kuna jambo watu hawalisemi. Nyama ilivyopikwa roksasoni ilipungua na aseniki mbaya ikaongezeka. Moto uliigeuza. Kwa hiyo ile ya "pika vizuri sumu inaungua" kwa aseniki haipo, aseniki ni elementi kama chuma au shaba, uiunguze uichemshe uikaange, inabadili sura tu haiendi popote.

Wateja wako waambie hivi: chakula changu nachanganya mwenyewe, lebo hizi hapa, njoo uangalie. Nadhani ukifanya hivyo utauza zaidi kuliko ukinigombeza mimi.

Salaam mzee wangu, mimi ni mtu wa Tanga ila naishi Salisbury, Maryland. Kuanzia 2006 hadi 2011 nilikuwa nakamata kuku usiku mabandani, vumbi jingi, na shamba karibu na nyumba walikuwa wanamwaga mbolea ya kuku kila msimu. Nimesikia hii habari nikaogopa. Nipime damu? (Mkamataji)

Pole kwa kazi hiyo kijana, na umeandika ukiwa katikati kabisa ya jambo lenyewe. Peninsula ya Delmarva, hiyo inayogawanywa na Delaware, Maryland na Virginia, ni ya kuku tupu, na Maryland ndio jimbo la kwanza Marekani kupiga marufuku roksasoni kwa sheria, ilisainiwa 2012 ikaanza kazi Januari 2013.

Kupima sasa hivi kwa ajili ya vumbi la miaka ile hakutakuonyesha kitu. Aseniki mwilini haikai, ini linaibadilisha inatoka na mkojo ndani ya siku chache, damu ndio inapita upesi zaidi. Kipimo kinachotumika ni cha mkojo na kinasema habari za siku hizi mbili tatu, kucha na nywele zinasema za miezi iliyopita, basi. Ukipima leo na jana ulikula kamba na samaki wa baharini utapata namba kubwa ukazimia bure, maana viumbe vya baharini vina aseniki yao nyingi ya aina isiyodhuru, kwa hiyo kama utapima kaa siku kadhaa bila samaki na mwambie daktari atenganishe aina.

Cha maana zaidi ni kumweleza daktari wako historia ya kazi, kwa miaka na kwa vumbi, iandikwe kwenye faili. Angalia ngozi yako, madoa meusi na meupe kama matone ya mvua kifuani au mgongoni, vijipu vigumu kama punje kwenye viganja na nyayo, hizo ndio alama za aseniki ya muda mrefu, ingawa kwa kweli zinaonekana zaidi kwa wanaokunywa maji mabaya miaka mingi. Damu kwenye mkojo usiikalie kimya, aseniki au hapana aseniki. Na kama unavuta sigara acha, kwa sababu sigara na aseniki kwenye mapafu na kibofu zinasaidiana kazi. Kama nyumbani mnatumia maji ya kisima, hicho kipimeni.

Bwana Mifugo nalima mchicha na figiri Morogoro, mbolea nachukua kwa wafuga broila bure kabisa. Je hiyo aseniki inaingia kwenye mboga? Nikiiozesha kwanza si inaisha? (Mama Bustani)

Mama, swali hili ndio zuri kuliko yote niliyopata, kwa sababu watu wote wanaangalia nyama wakati aseniki nyingi haikwenda kwenye nyama, ilikwenda chini. Kuku mmoja wa Marekani katika siku zake 42 alikadiriwa kunya karibu miligramu 150 za roksasoni, na watafiti wa huduma ya jiolojia ya Marekani, USGS, wakipigia hesabu kuku wote waliokadiriwa kulishwa dawa hiyo kwa mwaka walipata kama tani 250 za aseniki, nyingi zikiishia mashambani. Walijaribu na hiyo ya kuozesha: mbolea yenye unyevu na joto, ndani ya siku kama 30, bakteria wanakuwa wameigeuza roksasoni yote kuwa aseniki isiyo ya kikaboni. Yaani unachofikiri kinaisha ndicho kinachozaliwa, na hiyo inayozaliwa inayeyuka kwenye maji vizuri, inashuka kwenye udongo na mtoni. Kwenye udongo unaorudishiwa kila msimu inajikusanya. Mboga za majani zinaivuta kiasi, na vumbi na matope yanayobaki kwenye majani nayo ni sehemu yake.

Sasa usiache mbolea ya kuku, ni mbolea nzuri sana na kuozesha endelea kuozesha kwa sababu ya salmonela na minyoo. Ila muulize huyo mfugaji anawapa nini kuku wake. Akikuonyesha mifuko yenye lebo, stata ya vifaranga na finisha ya kumalizia kutoka kiwanda kinachojulikana, chukua. Akianza habari za unga wa kijiko, mwache na mbolea yake. Na mchicha uoshe kwa maji mengi, udongo utoke kabisa.

Mi nna mimba ya miezi mitano na hamu yangu ni maini na firigisi tu. Niache? (Bila jina, Mombasa)

Hongera mama. Kwa habari ya aseniki peke yake sikukatazi, aseniki si rafiki wa mimba ila kiasi tulichokiona hapo juu kwenye kuku ni kidogo. Ini la kuku lina jambo jingine, lina vitamini A nyingi mno na ukiila kila siku ukiwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto, kwa hiyo ongea na nesi wako wa kliniki, firigisi haina tatizo hilo. Vipike viive kabisa.

Kwa hiyo kienyeji ndio salama, si ndio? (Shabiki wa kienyeji, Geita)

Kwa roksasoni ndio, nani atampa kuku wa kienyeji premiksi. Lakini umeandika kutoka Geita rafiki yangu, na kuku wa kienyeji anakunywa anachokikuta. Huko kanda ya ziwa karibu na machimbo ya dhahabu wamewahi kupima maji ya mito na madimbwi wakakuta aseniki juu ya ile mikrogramu 10 kwa lita, miamba yenyewe inayo na uchimbaji unaitoa nje. Kwako wewe kuku awe wa mwisho kwenye orodha, anza na maji mnayokunywa nyumbani, na kuyachemsha hakusaidii, nimeshasema haiungui.

Mzee nimesoma mahali eti wali una aseniki kuliko kuku. Sasa tule nini jamani? (Mpenda pilau, Temeke)

Umesoma sawa. Mpunga unasimama kwenye maji na unavuta aseniki ya ardhini kuliko nafaka nyingine, na kikomo cha kimataifa cha mchele mweupe ni mikrogramu 200 kwa kilo, linganisha na ile 2.3 ya kuku. Haina maana mchele wote umefika huko, inategemea ulikolimwa, ila kwa mtu anayekula wali mchana na jioni hapo ndipo aseniki yake nyingi ya chakula ilipo. Ukipika kwa maji mengi, kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe sita au zaidi vya maji, ukamwaga maji ukiiva, unapunguza karibu nusu, japo na vitamini kadhaa zinaondoka nayo, na maji yenyewe yawe safi. Badilisha badilisha, leo wali, kesho ugali, keshokutwa viazi au ndizi, hasa kwa watoto wadogo, uji wao usiwe wa mchele kila asubuhi.

Pilau na wali wa nazi huwezi kumwaga maji, hilo nalijua, sijasema mkamwage tui. Hivyo viachieni Ijumaa na sherehe.